Kilomita Kumi za Dodoma

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Dodoma, fuatana nami leo. Zamani mgeni atokaye pwani alikesha ndani ya treni usiku kucha, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tangu mwaka 2024 iko treni ya umeme; ukiipanda Dar es Salaam asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umekwisha shuka. Lakini usidanganyike na wepesi huo. Tangu Morogoro treni ilikuwa ikipanda, ingawa wewe uliyekaa dirishani ukitazama mibuyu hukusikia kitu. Unaposhuka, umekwisha fika mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Beba mzigo wako begani, panda ngazi upesi upesi, ndipo utakaposikia moyo ukigonga kifuani kama mgeni aliyefungiwa nje.

Usiogope, si ugonjwa. Hewa ya huku ni nyepesi. Kila pumzi uvutayo Dodoma ina oksijeni pungufu kwa sehemu moja katika nane kuliko pumzi ya pwani. Atembeaye polepole haoni tofauti. Akimbiaye huiona kabla hajamaliza kilomita ya kwanza, na kama ni mtu wa majivuno hugeuka na kusema kwamba viatu vinambana.

Nazungumza habari za kukimbia kwa sababu mji huu umejaa wakimbiaji. Uamuzi wa kuufanya kuwa makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini serikali yenyewe ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Pamoja na ofisi wakaja watu wa ofisini, na watu wa ofisini wana matumbo. Basi alfajiri utawakuta barabarani, vijana kwa wazee. Tangu mwaka 2020 kuna mbio za NBC Dodoma Marathon, zinazoanzia Uwanja wa Jamhuri na kuchangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi. Nyingine ndogo ndogo zimefuata. Mtu huchagua mwenyewe: kilomita 5, 10, 21 au 42. Tano ni matembezi. Ishirini na moja watu huziogopa, hivyo hujiandaa. Kumi ndizo zinazowanasa wengi, maana kila mtu hudhani anaziweza.

Mmoja wa walionaswa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu.

Nyumbani kwao ni upande wa Bahi, magharibi ya mji, katika bonde tambarare kama mkeka. Mvua zikinyesha, maji hutuama na watu hulima mpunga. Kiangazi kikija, ardhi ile ile hupasuka nyufa ambazo mbuzi huweza kuvunjikia mguu. Msichana huyu alikua akikimbia. Alikimbia kwenda shule na kurudi, akakimbia kurudisha ndama, na watoto wa rika lake hawakumshika. Mwaka 2024, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, alikuja kwangu mtaa wa Kikuyu akasikia kuna mbio mjini. Akaniambia, "Mjomba, niandikishe." Nikamwandikisha kilomita 10.

Ilipopigwa filimbi alitoka kama digidigi. Kilomita ya kwanza aliikata kwa dakika 4 na sekunde 10, nami nilipiga makofi kama mjinga. Nusu ya njia alipita kwa dakika 24. Baada ya hapo sikumwona tena mpaka nilipochoka kungoja. Alikuja akitembea, mkono ubavuni, kichomi kimemkamata; watu wazima wenye mvi, akina mama wenye miili yao, wote walikuwa wamempita. Saa ilisema dakika 58 na sekunde 40. Hakulia. Alisema tu, "Nitarudi nikimaliza mtihani."

Akarudi kweli, Novemba ile ile, baada ya mtihani wa kidato cha nne. Baba yake, shemeji yangu, hakukataa, lakini alitia mpaka. Alisema binti akae kwangu mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Kama kukimbia kutamfikisha mahali, vyema. Kama sivyo, arudi nyumbani, kazi zipo. Nasi tulijua "mahali" ni wapi. Katika nchi yetu mkimbiaji mzuri huweza kuchukuliwa jeshini, akapata ajira pamoja na nafasi ya mazoezi. Tukaweka shabaha: kilomita 10 chini ya dakika 50. Kwa wakimbiaji wakubwa hilo si jambo la kutaja. Kwetu lilikuwa mlima.

Hebu tufanye hesabu, msomaji, maana ni nyepesi na yafaa kukaa kichwani. Dakika 50 kwa kilomita 10 ni dakika 5 kwa kila kilomita. Katika uwanja wa mita 400, ni dakika 2 kwa kila mzunguko, mara 25. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh chini ya mlima Hanang, kaskazini ya nchi hii ya kati, alishinda mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane mwaka 1982 kwa dakika 28 na sekunde 10. Yaani kila mzunguko kwa sekunde 68 hivi, bila kupumzika. Ukitaka kujua maana yake, kimbia mzunguko mmoja tu kwa sekunde 68, halafu njoo unisimulie kama bado una pumzi.

Sasa nitakuambia kosa langu, nawe ulicheke au usikitike.

Nilidhani kwamba anayetaka kukimbia upesi hana budi kukimbia upesi kila siku. Basi kila alfajiri saa 11 nilipanda baiskeli yangu, binti akatangulia, tukashika barabara ya Iringa kuelekea Mkonze. Nilikuwa na saa mkononi na maneno makali mdomoni. Leo dakika 30, kesho 29, keshokutwa 28. Wiki tatu za kwanza mambo yalikwenda. Mwezi wa Desemba akaanza kurudi nyuma. Mwezi wa Januari hata kilomita 5 zilimshinda. Akawa anatweta kama mtu aliyebeba gunia, na vilima alivyopanda Novemba akawa anavitembea. Nikamwambia uvivu umemwingia. Nikamwambia mji umemharibu. Siku moja, karibu na mashamba ya zabibu, alikaa juu ya jiwe kando ya barabara akalia bila sauti, nami nikasimama na baiskeli yangu nisijue la kufanya. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni na vikapu walitusalimu, "Mbukwenyi," wakatazama, wakaenda zao. Mmoja, bibi kizee, aligeuka akauliza, "Mtoto huyu anafukuzwa na nani?" Sikuwa na jibu, maana aliyekuwa akimfukuza ni mimi.

Aliyeuona ukweli ni mke wangu. Alipokuwa akifua aliona pindo la khanga ya binti limefungwa fundo. Akalifungua akakuta kipande cha udongo, ule udongo uuzwao sokoni. Akamwita, akamgeuza kope la jicho, akatazama kucha zake. Kisha akaja kwangu akasema, "Wewe na saa yako. Mtoto huyu hana damu."

Tulimpeleka zahanati asubuhi ile ile. Walipima wingi wa damu wakakuta 9.6, na msichana wa umri wake yafaa awe na 12 au zaidi. Tabibu alitueleza kwa utulivu, nami nakueleza wewe, hasa wewe mama mwenye mabinti. Damu ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka kwenye misuli, na kinachoishika oksijeni ndani ya damu hutengenezwa kwa madini ya chuma. Msichana hupoteza madini hayo kila mwezi katika siku zake. Tena kuna minyoo ya safura, ambayo huingia kwa nyayo za miguu penye udongo wenye maji, ikakaa tumboni ikinyonya damu. Na huyu alikuwa amelima mpunga peku tangu utoto. Tena kuna malaria. Ukiongeza mazoezi makali ya kila siku na chakula cha ugali na mlenda peke yake, kisima hukauka. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huo. Wengi wetu huicheka kana kwamba ni tabia mbaya.

Hebu fikiri. Hewa ya Dodoma ni nyepesi, na damu ya mtoto ni nyepesi. Nami namwambia ni mvivu.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu. Tukaambiwa pia habari za chakula: dagaa, maharage, dengu, nyama au maini zinapopatikana, na mboga za majani. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huyazuia madini yasiingie mwilini, inywewe baadaye. Matunda makali kama limau husaidia yaingie. Hapo mke wangu alicheka, maana sisi wa Dodoma tunayo dawa hiyo inaning'inia juu ya vichwa vyetu. Ubuyu! Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi, na watoto huumumunya njiani bila kujua thamani yake. Tukawa tunaukoroga katika maji, au katika uji wa uwele. Mwezi wa Aprili damu ilikuwa 12.4.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyonifundisha kukimbia, ingawa mimi nilikuwa juu ya baiskeli.

Kwa kuwa alikatazwa mbio kali, tulianza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole sana. Jirani yetu, mzee aliyekuwa askari na ambaye alikimbia ujanani mwake, alitukuta njiani akatugeukia. "Bwana," aliniambia, "mwaka jana ulikuwa ukimkimbiza kama ng'ombe wa mnada. Ng'ombe wa mnada hufika akiwa amekonda." Akaanza kufuatana nasi siku za Jumanne. Kanuni yake ya kwanza ilinishangaza: siku nyingi za wiki mkimbiaji akimbie kwa mwendo ambao anaweza kusimulia hadithi nzima bila kukata maneno. Kama hawezi kusimulia, anakimbia upesi mno. Kwa binti yetu ilikuwa dakika 7 kwa kilomita, wakati mwingine zaidi. Niliona aibu kuonekana naye. Lakini mzee alieleza kwamba ni katika mwendo huo moyo hukua na kupata nguvu, na mishipa midogo midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mifupa huimarika bila kuumia. Mwendo mkali ni chumvi. Chakula chenyewe ni ule wa polepole.

Njoo basi nikuonyeshe njia zetu, maana nchi hii yenyewe ni mwalimu.

Ukitoka Kikuyu kwa barabara ya Iringa utaacha nyumba nyuma yako, upite Mkonze, na mbele zaidi ni Bihawana, mahali ambapo wamisionari walianza kupanda zabibu. Usikimbie juu ya lami yenyewe. Pembeni kuna njia ya udongo mwekundu wenye mchanga, laini kwa magoti, na malori hayakufikii. Angalia tu mbigili. Anayekimbia kwa katambuga za matairi humcheka mwenye raba laini, maana mbigili ikiingia katika raba hutoboa mpaka kwenye nyama. Njia hii ilikuwa ya Jumatatu na Alhamisi, mwendo wa hadithi. Binti alinisimulia habari zote za shule, hata zile ambazo nadhani mama yake hazijui.

Jumanne tulikwenda upande wa Chimwaga, palipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Chuo kiko juu mlimani, na barabara zake zina miinuko mizuri. Huko mtoto wa bondeni alikutana na kitu ambacho Bahi hakipo. Alipanda kwa nguvu dakika moja, akashuka akitembea, akapanda tena. Kwanza mara 4, mwishoni mara 8. Kilima hufundisha kuinua goti na kusukuma mguu, tena hakina haja ya saa wala uwanja. Ukiwa kijijini na kilima kimoja tu nyuma ya nyumba, unayo shule kamili.

Jumamosi ilikuwa siku ya njia ndefu. Tulishika barabara ya Arusha, kupita Miyuji, kuelekea Msalato. Alianza na kilomita 8, tukaongeza moja moja mpaka 14. Ni ajabu jinsi kumi zinavyokuwa fupi kwa mtu aliyezoea kumi na nne. Na kuanzia mwezi wa Mei tuliongeza siku moja ya kasi: kilomita moja kwa dakika 5 kamili, kutembea dakika 2, kisha tena, mara 5. Huo ndio mwendo wa siku ya mbio, umekatwa vipande ili mwili uuzoee. Mzee alikuwa mkali hapo. Ukikimbia kipande cha kwanza kwa dakika 4 na nusu hakusifu; alikurudisha nyumbani. "Sikukuomba uwe hodari," alisema, "nimekuomba uwe sawasawa." Tulipima kilomita zetu kwa vibao vya barabarani, na penye mashaka nilihesabu mizunguko ya gurudumu la baiskeli. Kazi ile ya kuhesabu ndiyo iliyoninyamazisha, na nadhani binti alishukuru.

Siku mbili kwa wiki hakukimbia kabisa. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Kumbuka tena kwamba binti wa nyumbani hapumziki kama mtoto wa kiume. Akirudi mbioni kuna ndoo ya maji ya lita 20 inamngoja, na ufagio, na sufuria. Nilizungumza na wanangu wa kiume. Sasa wanajua njia ya bombani.

Jua la Dodoma lina hila yake. Huku hakuna joto la majimaji kama la Dar es Salaam. Hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu hudhani hakutoka jasho, kumbe amebaki na chumvi nyeupe juu ya fulana. Mvua ni haba, milimita zipatazo 570 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu, na uwe umekwisha rudi nyumbani kabla ya saa 2 asubuhi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mikali. Juni na Julai alfajiri ni baridi hata meno hugongana, na mkimbiaji hufurahi. Lakini ndipo upepo unapoanza, na mchana utaona chamchela ikizunguka uwanjani, imebeba majani na mifuko ya plastiki. Anayekimbia kinyume cha upepo asishindane nao. Akubali kupoteza sekunde chache, ainame kidogo, ajifiche nyuma ya mtu mpana.

Jioni mzee alipenda kusimulia habari za Juma Ikangaa. Yule ni mwana wa nyanda hizi za kati na alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi. Mtindo wake ulikuwa kushika mbele na kuwaburuta wengine mpaka wakatike. Mwaka 1982 kule Brisbane alishindwa katika marathon kwa sekunde 12 na Robert de Castella wa Australia, katika mbio ambazo watu wa huko wanazisimulia hadi leo. Mwaka 1983 kule Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alimpita kwa sekunde 3. Mwaka 1988 kule Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, Ikangaa, 44. Kilomita 42 kwa sekunde moja! Akawa wa pili Boston tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990. Lakini katikati ya hayo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, ambayo wakati ule ilikuwa rekodi ya mbio zile. Binti alisikiliza akauliza, "Ile ya sekunde moja, usiku ule alilala?" Mzee akafikiri, akasema hajui, lakini yeye asingelala.

Mbio zilikuwa Julai 2025, siku ya Jumapili kama kawaida ya mbio nyingi. Dada yangu alikuja kutoka Bahi, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Na Misa je?" Tukaenda wote Misa ya Jumamosi jioni, kisha binti akala wali na maharage, akalala mapema. Siku 10 za mwisho alikuwa amepunguza mazoezi mpaka nusu, na miguu ilikuwa ikimwasha kama ndama aliyefungwa. Asubuhi, saa mbili kabla ya filimbi, alikunywa uji mwepesi wa uwele. Kitu kipya hakikuruhusiwa siku hiyo: viatu ni vile vya kila siku, na chakula ni kile cha kila siku.

Ilipopigwa filimbi watu walitoka kwa fujo ile ile ya kila mwaka. Mama yake alinishika mkono. "Mbona wanamwacha?" Kweli walimwacha, wasichana kumi au zaidi walikuwa mbele yake kabla ya kona ya kwanza. Mimi nilitazama saa. Kilomita ya kwanza ilikuwa dakika 5 na sekunde 2, nami safari hii sikupiga makofi, nilishusha pumzi. Nusu ya njia alipita kwa dakika 25 na sekunde 5. Kuanzia hapo akawa anawaokota mmoja mmoja, wale waliotoka kama yeye alivyotoka mwaka uliopita, mikono ubavuni. Kwenye kilomita ya 7 njia iligeuka kukabili upepo. Aliniambia baadaye kwamba alitafuta mtu mpana wa kujifichia asimpate. Alipita alama ya kilomita 8 kwa dakika 40 na sekunde 35. Hesabu ilikuwa imeharibika, naye alijua. Kilomita mbili za mwisho alizikata kwa dakika 9 na sekunde 32, macho yametoka, na dada yangu ambaye tangu asubuhi alikuwa mama mwenye heshima zake aliruka kamba akipiga vigelegele.

Dakika 50 na sekunde 7.

Alikaa chini ya mwarobaini, namba bado kifuani, akahesabu kwa vidole. Dakika 8 na nusu alikuwa amezipunguza katika mwaka mmoja, na tatu kati ya miezi hiyo alikuwa mgonjwa. Watu walimpongeza. Yeye aliniuliza, "Mjomba, sekunde saba ni nini? Ni kufunga kamba ya kiatu." Shemeji yangu alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama damu bado iko sawa. Alipoambiwa iko sawa, akasema mpunga umekwisha vunwa bila yeye, kwa hiyo hakuna haraka ya kurudi.

Septemba 15 ya mwaka ule ule tuliamka usiku wa manane, tukajikusanya kuzunguka simu moja: mimi, mke wangu, watoto, binti, na mzee aliyejifunga blanketi. Kule Tokyo ilikuwa asubuhi, marathon ya ubingwa wa dunia. Alphonce Simbu, askari, mzaliwa wa Singida, jirani zetu kabisa, alikaa ndani ya kundi kilomita baada ya kilomita, mara unamwona, mara humwoni. Watoto walikata tamaa. Mzee alisema, "Mwacheni." Uwanjani Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele, na hatua za mwisho kabisa Simbu akaja ubavuni, wakavuka mstari pamoja, Petros akaanguka. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha itazamwe. Simbu alikuwa mbele kwa sehemu 3 katika 100 za sekunde, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.

Tulipiga kelele hata majirani wakadhani ni mwizi. Mke wangu akachemsha chai. Mzee alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya blanketi, akilalamika juu ya moshi, na moshi haukuwapo, maana tunapikia gesi. Nilipomtafuta binti sikumwona. Alikuwa barazani anafunga kamba za viatu, na saa 11 ilikuwa bado.

"Leo ni siku ya hadithi, Mjomba," aliniambia. "Chukua baiskeli, unisimulie wewe."